Vidonge Ndani ya Kopo la Vifungo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, kazi yangu ilikuwa kumpelekea Bibi maji na vidonge vinne. Bibi alikuwa fundi cherehani, na sare za nusu ya darasa letu zilipita mikononi mwake. Tangu alipopasuliwa kifua na kuwekewa vali mpya moyoni, kile kilango cha kupitisha damu, miezi mitatu nyuma, tulimlea kama yai. Mama alimkataza kufua, kuinama, hata kubishana na wateja. Bibi asipobishana na wateja si Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Umeamkaje?"

"Marahaba, Chiriku. Sijambo."

Alinipa jina hilo kwa sababu ya mdomo wangu usiotulia. Alijibu hivyo kila siku nami niliamini, mpaka Jumamosi moja nilipotafuta kifungo cha sketi yangu. Ndani ya kopo lake la vifungo nilikuta vidonge vidogo vyeupe, zaidi ya ishirini. Vilikuwa vile vya kupunguza maji mwilini, ambavyo humfanya mgonjwa aende haja ndogo mara kwa mara.

Bibi alininyang'anya kopo, akaketi, akanieleza huku akitazama sakafu. Choo chetu kilikuwa mwisho wa ua, tukikitumia pamoja na wapangaji wengine. Siku moja alikikuta kina mtu, akajikojolea mbele ya wateja wawili waliofuata nguo zao.

"Kwa umri huu, mjukuu wangu, nikalowa kama mtoto," alisema. "Hivyo vidonge simezi tena. Na wewe mdomo wako uufunge. Mama yako akijua atanivalisha nepi."

Niliahidi. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilijiona mkubwa kwa kuaminiwa siri.

Wiki iliyofuata miguu ya Bibi ilivimba hata ndara hazikumwingia. Akaanza kulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Muuguzi wa hospitali alipopiga simu kumuuliza maendeleo yake, Bibi alisifia kila kitu: usingizi mzuri, chakula kizuri, nguvu zimerudi. Miguu, alimwambia Mama, ni joto tu. Nami Chiriku nilikaa kimya.

Jumatano niliporudi kutoka shule nilimkuta ameinamia cherehani, anapumua kwa shida, midomo imekuwa ya kijivu. Majirani walitusaidia kumpakia kwenye gari, Mama na mimi tukamkimbiza hospitali.

"Dawa anameza zote?" daktari aliuliza.

"Zote," Mama alijibu. "Mtoto huyu ndiye anayempelekea."

"Basi huenda vali ina kasoro. Ikiwa hivyo, itabidi apasuliwe tena, na sijui kama mwili wake utahimili."

Nilimtazama Bibi. Naye alinitazama juu ya barakoa ya oksijeni, akatikisa kichwa polepole kunikataza.

"Vidonge vya kupunguza maji hamezi," nilisema. "Anavificha. Na mimi nilijua."

Bibi aligeuza uso ukutani. Mama alinitazama kana kwamba hanijui.

Walimchoma sindano za kupunguza maji, wakaipima vali wakaikuta nzima. Baada ya siku sita alipumua vizuri. Siku zote hizo hakunisemesha hata neno moja, na mimi nililia sana.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," muuguzi wa wodini alituambia siku ya kutoka. "Mtoto huyu alichelewa kusema, lakini alisema. Siri inayomdhuru mtu haitunzwi, hata kama umeahidi. Nanyi watu wazima, mlimuuliza habari za kidonda na za moyo. Nani alimuuliza habari za choo?"

"Hata mimi sikumuuliza," Mama alisema. Muuguzi akaelekeza kidonge kimezwe alfajiri, kabla wateja hawajaanza kuja, na ndoo yenye kifuniko iwekwe chumbani nyuma ya pazia. Lilikuwa jambo dogo tu, nalo nusura litufanye tumzike Bibi.

Tulipokuwa tukisubiri gari, Bibi alinivuta karibu.

"Ulinivua nguo mbele za watu," alisema. "Nilikukasirikia sana. Bado nimekasirika kidogo."

"Nisamehe, Bibi."

Alinishika mkono. Wake ulikuwa baridi na umekonda.

"Aibu huisha, mjukuu wangu. Nimelala nayo siku sita kitandani, imeisha. Lakini uhai ukikatika, hata mimi siwezi kuushona."