Nilimtania Msomaji, Wakamkamata Anko

"LALA CHINI! Mikono nyuma!"

Jamani... hadi leo mlango ukigongwa kwa nguvu, nachungulia dirishani kwanza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilipita karakanani kwa Anko kumpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Nikakuta wanaume sita wenye bunduki, na Anko kalazwa kifudifudi sakafuni, katikati ya mafriji aliyokuwa anayatengeneza.

Mzee wa miaka sitini na tatu!

"Amefanya nini?!"

"Dada, rudi nyuma."

"Huyo ni mjomba wangu! Ndiye aliyenilea!"

"Nimesema rudi nyuma!"

Anko akanyanyua uso kidogo. Shavu lote limejaa oili.

"Mwanangu, nenda kazini. Wamekosea tu, yataisha."

Wakamtupa kwenye gari. Miwani nimeishika mkononi kama mjinga.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mchana mimi ni dada wa mapokezi kwenye kliniki ya meno. Ila wengi wenu mnanijua kwa ile simulizi yangu ya ujasusi hapa ukurasani. Yule mwanamke jasusi anayewasaka magaidi, na gaidi mkuu anaitwa Baridi, fundi friji anayeficha mabomu kwenye mafriji ya hospitali.

Ndiyo, ufundi wa Baridi niliutoa karakanani kwa Anko. Nilikulia pale. Ningeandika nini kingine ninachokijua?

Na nyinyi mlikuwa mnanipa raha!

"Dada unaua!"

"Huyo jasusi anakimbia na viatu vya visigino virefu sehemu nne mfululizo, hachoki?"

"Baridi afe leo leo!"

Halafu kulikuwa na mmoja, anajiita Msomaji Kimya. Huyo hakuwa na kelele. Siku moja akaandika:

"Hongera mwandishi. Lakini friji halifunguliwi hivyo. Hapo gesi yote ingemtokea usoni. Fundi mzoefu kama Baridi angeficha mzigo wake sehemu nyingine kabisa."

Akaeleza ni wapi. Nikacheka peke yangu pale mapokezi, mgonjwa kashika shavu lake linalomuuma, ananishangaa.

Nikaichukua komenti yake, nikaibandika juu kabisa, kila mtu aione. Nikamjibu:

"Wewe utakuwa gaidi mstaafu tu! Tuambie, ulilipua wapi? 😂😂"

Watu elfu tatu wakacheka nami.

Kesho yake vicheko vikabadilika.

"Lakini huyu mtu anajua sana..."

"Mimi nimeshamripoti polisi. Na nyie mripotini."

Niliziona zote. Wasomaji walikuwa wanaongezeka kama mchwa, nikaona acha ngoma ichezwe. Sikufuta kitu.

Sasa turudi kwa Anko, kule kituo cha polisi walikompeleka. Siku ya kwanza hawakuniruhusu hata kumwona. Siku ya pili mpelelezi, mama mmoja mpole wa sauti, akaniita ofisini. Akaweka karatasi mezani.

Ilikuwa ile komenti yangu. Imepigwa mstari wa njano.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, lakini ni utani, afande."

"Unayemtania ni nani?"

"Simjui. Ni msomaji tu."

Akaisogeza karatasi karibu yangu.

"Tumeifuatilia simu yake. Ni mjomba wako."



Anko! Anko anayechapa kwa kidole kimoja! Hakuwahi kuniambia hata siku moja kwamba anasoma ninachoandika!

"Afande, ile ni hadithi! Nakuapia!"

"Wewe ulitania, binti. Watu mia mbili na kumi walioleta taarifa hawakutania. Lazima tuchunguze."

Nikakimbilia ukurasani. Nikaandika: "Naombeni mnisikilize. Msomaji Kimya ni mjomba wangu, amekamatwa, hana kosa. Hii ni hadithi ya kubuni."

Mnajua mlinijibu nini?

"Kumbe familia nzima mmo!"

"Hivyo ndivyo gaidi angesema."

Na iliyoniua kabisa: "Duh, sehemu hii kali! Inayofuata lini?"

Mlidhani ni mwendelezo!

Nikafuta simulizi yote. Wapi! Mlishapiga picha za skrini, zinatembea kwenye makundi ya watu nisiowajua. Nikawa nampigia mbuzi gitaa. Nililia hadi sauti ikakauka, na hakuna mlango uliobaki wa kugonga.

Siku ya kumi na moja wakamwachia. Hakuna mashtaka. Hakuna pole. Alirudi kakonda.

Nikapiga magoti mbele yake.

"Anko, kwa nini hukuniambia unanisoma?"

"Ungejua, ungeandika kwa kuniogopa."

"Na ile komenti?"

Akatabasamu kidogo, kwa aibu.

"Nilitaka tu ukisomwa na mafundi, wasiseme mwanangu hajui."

Jamani! Niliinamia miguu yake tu.

Wateja walishakuja kuchukua mafriji yao, hata yaliyokuwa hayajapona. Mwenye jengo akatutaka tuhame. Jumamosi tulienda kukusanya vifaa. Mama jirani wa karakana, tuliyejuana naye miaka ishirini, alikuwa anafagia mlangoni kwake.

"Habari za asubuhi, mama," Anko akamsalimia.

Yule mama akamvuta mjukuu wake ndani, akafunga mlango.

Anko akanyanyua sanduku lake la spana. Kisha akasema, "Twende, mwanangu. Jua limekuwa kali."

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mimi nilitania kwa sekunde kumi, na sijui itachukua miaka mingapi ule mlango wa jirani ufunguke tena. Kabla hujamwita mtu gaidi kwa kucheka, kumbuka kuna anayesoma bila kucheka. Na nyuma ya lile jina la utani kuna mtu, ana nyumba, ana wanaomsubiri.

Msiniambie pole. Msimtetee Anko, msimlaumu.

Maoni nimeyafunga.