Mfuko wa Funguo Tatu

Kila Alkhamisi baada ya alasiri, Bi Ghaliya alichemsha kahawa nyumbani kwake Darsait, Omani. Wanawake wenzake wenye asili ya Unguja na Pemba walikuja kunywa na kuzungumza. Wakati wa kuaga, kila mmoja alimpa mkono, na ndani ya mkono mlikuwa na sadaka iliyokunjwa. Ghaliya hakutazama, wala hakumwambia mtu nani katoa nini. Ndivyo alivyolelewa: anachotoa mkono wa kulia, wa kushoto usikijue.

Sadaka hiyo ilikwenda Mtondooni, kijiji cha Pemba, kwa mdogo wake Bakhita. Huko mikoko ilikatwa zamani kwa kuni na boriti. Bahari nayo inapanda mwaka hadi mwaka, kwa sababu dunia inazidi joto. Maji ya chumvi yanaingia bondeni na kuua mpunga. Bakhita na wenzake wanapanda mikoko upya, maana mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Pesa zilipelekwa na yeyote aliyesafiri.

Mambo yaliharibika kwenye harusi moja. Shariffa, shoga yake Ghaliya tangu utotoni, alisema mbele za watu kwamba mikoko ya Pemba imeota Darsait. Watu wakacheka. Fumbo hilo halikuhitaji mfumbuzi: Ghaliya kala sadaka. Alkhamisi iliyofuata kahawa ilipoa, hakuja mtu.

Siku zile zile Bakhita akatuma ujumbe wa sauti. Chumvi imefika shambani kwake. Wasipopanda masika haya, bonde zima litakwenda na watu watahama. Ghaliya alilia kwa uchungu. Heshima yake imekwenda, na bonde la wazee wake linaifuata.

Bashayer, jirani wa ghorofa ya juu anayefanya kazi ya kompyuta, alimkuta katika hali hiyo. Ghaliya akamwambia atashika Msahafu aape mbele ya wanawake wale wote.

"Mama, kiapo kinamtosha anayekuamini," Bashayer alisema. "Asiyekuamini, muoneshe."

"Nna nini cha kumuonesha, mwanangu? Sadaka ni siri."

Bashayer akamweleza polepole. Lipo daftari la wazi kwenye mtandao. Halikai kwa mtu mmoja wala benki moja. Nakala zake ziko kwenye kompyuta za watu wengi duniani. Mtu akifuta mstari kwake, nakala nyingine zinamkatalia. Kila mtu anaweza kuifuata pesa ilikotoka na ilikokwenda. Jina la mtoaji halionekani. Huonekana namba tu, mradi mwenyewe asitangaze kuwa ni yake.

Tena mfuko wa pesa kwenye daftari hilo unaweza kuwa na funguo tatu, kwa watu watatu. Pesa haitoki mpaka wawili wakubali. Lakini Bashayer alionya pia. Maneno ya siri ya ufunguo yaandikwe kwenye karatasi na kufichwa, asipewe mtu, hata mtoto wa kuzaa. Yakiibiwa, hakuna wa kumlalamikia. Wachague pesa ya mtandao ambayo thamani yake haipandi na kushuka ovyo. Na kwanza waulize sheria, ya Omani na ya kule; kazi hiyo Bashayer aliifanya mwenyewe kabla hawajaanza.

"Na daftari halioni mti, mama," alisema. "Linaona pesa tu. Lazima mtu aende pwani akatazame."

Ghaliya alitaka kushika ufunguo mmoja mwenyewe, ampe Bakhita wa pili na Majid, mwanawe wa kumzaa, wa tatu, kwa kuwa ndugu ndio wa kuaminiwa. Bashayer akatikisa kichwa. Funguo tatu za ndugu watupu ni ufunguo mmoja. Basi wa kwanza ukabaki kwa Ghaliya, wa pili akapewa mwalimu wa skuli ya Mtondooni. Kuhusu wa tatu, Ghaliya aliamua mwenyewe. Akavaa abaya, akaenda mtaa wa Azaiba kwa Shariffa.

"Nimekuja kukupa ufunguo," alisema, akamweleza kazi yake.

Shariffa aliinamisha macho. "Unanipa mie? Mie niliyekusema?"

"Wewe. Wengine watanionea haya. Wewe hutonionea."

Shariffa hakuomba radhi siku ile. Wapo watu radhi haiwatoki mdomoni. Alichukua simu yake, akataka afundishwe.

Na kweli hakumwonea haya. Fungu la kwanza, la watoaji wachache walioanza, lilipotumika, mwalimu alituma picha: nusu ya miche imekufa, maana ilipandwa chini mno, palipo na mawimbi makali. Ghaliya alitaka kunyamaza. Shariffa alikataa kutoa fungu la pili mpaka watoaji waambiwe ukweli, na mwalimu akawa upande wake. Wakaambiwa. Bwana misitu akawaonesha wapandaji mahali panapofaa. Wenzao walipoona kuwa hata hasara haifichwi, nao wakarudi.

Mwaka uliofuata bonde lilivunwa, lakini si lote. Bakhita alipiga simu mwenyewe.

"Shamba langu limekwenda, dada. Chumvi ilitangulia. Lakini la jirani limepona, na yote yaliyo nyuma yake."

Ghaliya akalia. Bakhita akamwambia asilie. Bahari haijasita, na upande wa kaskazini bado u wazi, hauna mikoko. Watahitaji miche mingine.

Maombi ya fungu jipya yalifika kwenye simu siku hiyo hiyo. Ghaliya alipoyafungua, alikuta Shariffa ameshakubali. Akafuta machozi, akatia ufunguo wake.