Gari Linalolowa Kiangazi

Kila Ijumaa asubuhi Amur aliosha gari ambalo haliendi kokote.

Alianza na paa, akashuka kwenye milango, akamalizia na magurudumu. Baba yake, aliyefungua zamani duka lao la mtaa wa Jabe, hakukubali kwenda msikitini na gari chafu. Mzee alikwisha fariki, akamwachia duka na gari. Esansi, yaani petroli, nayo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi, maana ulikuwa mwaka wa vikwazo, na vita vilikuwa havijaisha. Gari lilikaa tu uani, nyuma ya duka. Lakini Ijumaa ni Ijumaa. Gari lilioshwa, kisha mwenyewe akaenda kuswali kwa miguu.

Akishamwaga ndoo ya mwisho, Amur hakungoja hata dakika. Kiangazi hicho vumbi la Bujumbura halikuwa na adabu. Ukianika kanzu nyeupe, unaanua ya kahawia. Kwa hiyo alivuta haraka shitingi, lile turubai la plastiki wanalogawiwa wakimbizi, ambalo huonekana pia sokoni. Alifunika gari mpaka chini kabisa. Akalikaza kwa kamba. Akaweka mawe kuzunguka pindo, hata upepo wa ziwani usipate pa kupenya.

"Sasa limetulia," alimwambia mkewe.

Ndiyo tabia yake. Nyumbani kwa Amur kila kitu kilifungwa nailoni. Makochi, redio, godoro la wageni. Mgeni akikaa kwenye kochi, kochi linalia. Mwanamwema, mkewe, alizoea kumtania.

"Baba Najla, ipo siku utanifunga na mimi."

Usidhani lakini kwamba Amur alikuwa anachezea gari. Binti yao Najla alikuwa mjamzito, na mumewe amekwama Kigoma na bidhaa zake. Hii ilikuwa mimba ya pili. Ile ya kwanza, uchungu ulimshika siku ambayo mji ulikuwa umefungwa. Teksi hakuna. Gari lao lipo, esansi hakuna. Walimbeba kwenye kiti mpaka materinite, hospitali ya wazazi, na walipofika mtoto alikuwa amekwisha kata roho. Tangu siku hiyo Amur aliweka bidoni moja ya esansi chini ya kaunta ya duka, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Safari ya Najla tu. Mambo mengine yote yatakwenda kwa miguu.

Basi, siku moja, Najla akiwa amekaribia kujifungua, Amur alisema ngoja nilijaribu gari. Akatoa mawe. Akafungua kamba. Akavuta shitingi.

Maji yakamdondokea miguuni.

Alitazama juu. Mbingu kavu. Mvua ilikata tangu Mei. Akashika paa la gari, limelowa. Akashika vioo, vimelowa. Rangi nyeupe ya baba yake ilikuwa imeanza kufura vipele vipele karibu na mlango, na chini ya vile vipele kulikuwa na kutu.

"Nani amemwaga maji hapa?" aliuliza.

Hakuna aliyejibu, maana hakukuwa na mtu.

Aliingia, akazungusha ufunguo; kwenye tangi ilibaki esansi kidogo ya kuwashia tu. Gari likakohoa, likanyamaza. Akarudia. Likakohoa, likanyamaza. Amur alikuwa dereva wa siku nyingi, si mtu wa kubabaika na gari. Akafungua boneti, akafungua delco, kile kikopo kinachogawa umeme kwenye plagi. Ndani mlikuwa na umande. Akakifuta kwa kitambaa kikavu, akakiacha juani, akakirudisha. Gari likawaka.

Hapo alipaswa kufurahi. Hakufurahi. La delco alilielewa, maji hakuyaelewa. Yametoka wapi?

Akafunika tena, safari hii kwa uangalifu zaidi. Kamba akazifunga fundo la baharia alilofundishwa na babu yake, ambalo Jabe nzima hakuna mwingine anayelijua. Baada ya siku chache akaenda kutazama. Fundo liko vilevile. Akafungua. Ndani maji.

"Mwanamwema, njoo uone mambo."

Mwanamwema alikuja, akagusa, akanusa vidole.

"Haya si maji ya ndoo. Hayana harufu ya sabuni."

"Na fundo halijaguswa."

"Basi si mtu."

Wakatazamana. Mwanamwema akaenda kuchukua udi, akafukiza, akasoma Ayatul Kursiyyu kuzunguka gari. Amur hakumkataza. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe alisoma kimoyomoyo. Halafu, kwa kuwa alikuwa pia mtu wa biashara asiyependa kudanganywa, alimwaga majivu chini kuzunguka gari lote. Mtu akija ataacha nyayo. Jini akija, hata hilo litajulikana.

Kesho yake majivu yalikuwa safi. Hata kuku hakupita. Ndani ya shitingi maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo cha mbele, kwa raha zao.

Kichwa cha Amur kilianza kumuuma. Chakula hakishuki. Dukani akimpimia mtu sukari, anampa chumvi. Kila akimtazama Najla anavyotembea kwa shida, ameshika kiuno, anajiuliza. Siku ikifika, gari likikohoa na kunyamaza, atamwambia nini mwanawe? Kwamba maji yalikuja yenyewe?

Mtu akichanganyikiwa hutafuta wa kumlaumu. Amur hakutafuta mbali. Chumba cha uani alikuwa amempangisha Dorothée, yaani Mama Fortunat, kutoka Uvira ng'ambo ya Kongo, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ndagala zake alizimalizia kuzikausha kwenye mikeka, hapohapo uani, hatua chache kutoka kwenye gari. Na mwenye samaki ana maji.

"Mama Fortunat," alisema Amur, uso umekunjamana, "unamwaga wapi maji ya samaki?"

Dorothée alikuwa amechutama, anageuza ndagala kwa mikono miwili. Alimtazama kwanza.

"Kwa rigole, ule mufereji wa barabarani. Juu ya nini unauliza?"

"Gari yangu inalowa."

"Na we unasema ni mi."

"Sijasema ni wewe."

"Umesema na macho, Papa Najla. Mi niko mpangaji, siko mwizi. Kiisha mi nitatoa wapi maji ya kuchezea? Unaona vile tunapanga mstari kwa robine."

Amur akaona aibu. Maji ya bomba yenyewe yalikuwa yanatoka kwa zamu. Nani angepoteza ndoo juu ya gari la jirani? Mtu pekee aliyelimwagia gari maji ni yeye, Ijumaa kwa Ijumaa.

"Nisamehe," alisema. "Akili yangu haiko sawa. Nimefunga vizuri, hakuna mvua, hakuna mtu, na maji yako ndani. Sielewi. Wallahi sielewi kitu."

Dorothée aliinuka, akafuta mikono kwenye kitenge. Akalizunguka gari. Akatazama mawe, kamba, pindo lililogandamizwa chini.

"Kuosha, unaosha saa ngapi?"

"Ijumaa asubuhi."

"Na kufunika?"

"Palepale. Vumbi lisikae."

"Ikiwa bado na maji."

"Kidogo tu."

Dorothée akacheka, si kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyeona kosa ambalo aliwahi kulifanya.

"Papa Najla, ile mwaka ya kwanza nilianza biashara, nilifunika ndagala na plastiki. Nilisema mavumbi isiingie. Asubuhi ndagala zote zinanuka, zimelowa, na mvua apana. Nililia. Nilisema ni muchawi. Apana, haikuwa muchawi. Zilitoka jasho."

"Samaki zina maji. Gari ni chuma."

"Chuma haina maji, sawa. Lakini we uliipatia maji ya kuosha. Na udongo nayo iko na maji."

"Udongo huu? Mkavu hivi?"

Dorothée hakubishana. Alikwenda chumbani, akarudi na kipande cha nailoni nyeupe inayopenya mwanga. Akakitandaza juu ya ule udongo mkavu, penye jua, akakandamiza pembe zake kwa mawe, vilevile kama Amur alivyofanya.

"Kaa hapa," alisema. "Chunga mutu asimwage maji."

Amur alileta kigoda, akakaa kweli. Alifunga duka. Wateja waligonga wakaondoka. Mwanamwema alimletea chai, akauliza anachunga nini, akajibiwa "nailoni," akaondoka akitikisa kichwa. Jua lilipanda. Baada ya muda ile nailoni ikaanza kuwa na ukungu kwa ndani. Kisha ukungu ukawa vitone. Adhuhuri vitone viliungana, na kimoja kikateremka mbele ya macho yake.

Hakuna aliyepita. Hakuna aliyemwaga.

Amur aliinua nailoni, akapitisha kidole ndani yake. Kidole kikalowa. Alikitazama kidole hicho muda mrefu.

"Jua inapasha udongo," Dorothée alisema, amesimama nyuma yake. "Maji yenye iko ndani inapanda kama mvuke. Ikikuta plastiki, haina fasi ya kutokea. Inageuka maji tena. Na kwa gari yako ni vile vile. Maji ya kuosha, na maji ya udongo, yote unaifungia ndani. We ndio unailowesha."

"Mimi mwenyewe."

"We mwenyewe. Na ile mawe na kamba ndio inaongeza."

Amur aliiachia nailoni. Kisha akasema kilichokuwa kinamuuma tangu mwanzo.

"Mama Fortunat, mimi naogopa. Naogopa Najla asipate tena yale."

"Najua," Dorothée alisema. "Siku ile mi pia nilishika kile kiti."

Alasiri ileile Amur alikwenda soko la Jabe kwa Yahaya, fundi cherehani. Dorothée alikuwa amemwambia achague kitambaa kinachopumua, kama gunia la ndagala, ila kiwe laini. Yahaya alimwonyesha vitambaa kadhaa. Amur alifanya jambo la ajabu. Kila kitambaa alikiweka mdomoni, akapuliza. Kitambaa cha nailoni kilizuia pumzi yake. Turubai la lori lilipitisha kidogo, lakini lilikuwa gumu, lingekwaruza rangi. Merikani, pamba tupu, ilipitisha pumzi vizuri na mkono ukipita ndani yake hauchubuki.

"Hii," alisema Amur.

"Mvua ikija itapitisha maji," Yahaya alimwonya.

"Mvua ina dawa yake. Nishonee. Pindo lisifike chini, liishie juu ya ardhi, kama kiganja hivi. Weka mikanda ya kitambaa ya kufungia kwa chini, upepo usilipeperushe. Vifungo vya chuma usiweke hata kimoja."

Ile shitingi hakuitupa. Alisimamisha nguzo nne, akaifunga juu yake kama paa, mbali na gari, upepo ukipita katikati. Jua na mvua vitaishia huko juu. Merikani itashughulika na vumbi. Vipele vya kutu alivikwangua, akavipaka rangi.

Ijumaa iliyofuata aliosha gari kama kawaida. Kisha akaliacha. Milango wazi, boneti wazi, yeye amekaa.

"Hufuniki?" Mwanamwema aliuliza.

"Likauke kwanza."

"Na vumbi?"

"Vumbi nitalifuta kwa kitambaa laini kabla ya kufunika. Nikifunika juu ya vumbi, kitambaa kinasugua mchanga kwenye rangi. Na sitakivuta kama mkokoteni, nitakikunjua polepole."

Mwanamwema alimtazama mumewe kama mgeni. Lakini siku chache baadaye, Amur alipofungua, mkono wake ulitoka mkavu. Akakiangalia kiganja, akamwonyesha mkewe, akakiangalia tena. Bado hakuamini sawasawa. Akafungua delco. Kavu.

Uchungu wa Najla ulianza adhuhuri, siku ya Jumatano. Ulianza kwa nguvu. Mwanamwema alipiga kelele jikoni, na Amur akatoka dukani akiwa ameshika bidoni. Aliimimina kwenye tangi kwa haraka mpaka esansi nyingine ikamwagika chini. Dorothée alifungua mikanda ya merikani, akaikunja kando. Najla aliingizwa nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

Amur alishika ufunguo. Hakuuzungusha mara moja.

"Baba," Najla alisema, "twende."

Akauzungusha. Gari likakohoa mara moja tu, likawaka.

Amur alilia njia nzima, na hakujificha. Kwenye kizuizi cha askari alilia vilevile. Askari alichungulia nyuma, akamwona Najla, akaondoa gogo barabarani bila kuuliza karatasi.

Mtoto alizaliwa kabla jua halijazama. Msichana. Alilia mwenyewe, kwa sauti.

Waliporudi nyumbani, asubuhi moja yenye jua kali, Dorothée aliwapokea kwa vigelegele. Mwanamwema alishuka na mjukuu amemzungushia shali juu ya shali, pua tu ndiyo inaonekana, imelowa jasho. Amur alimpokea. Akafungua shali ya kwanza. Akafungua ya pili.

"Ataumwa," Mwanamwema alisema.

"Anatoka jasho. Mwache apate hewa."

Kwa mazoea, mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha shika merikani, alifunike gari. Akagusa boneti. Bado ya moto. Akaiachia merikani, akavuta kigoda, akakaa kivulini chini ya shitingi, mjukuu kifuani.

"Ingia ndani ule," Mwanamwema alimwita.

"Gari bado la moto," Amur alisema. "Likipoa nitafunika. Leo hatuna haraka."