Nyumba Aliyoikimbia Bi Fatu

Fundi Bwanali wa Kitangari alikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, kabla hajashika mwiko, alimpelekea mama yake uji. Mwaka huo alitembea kwa madaha kidogo, maana alikuwa amemjengea mama yake nyumba mpya.

Na haikuwa nyumba ya mchezo. Ilikuwa ya tofali za kuchoma, imepigwa lipu na kupakwa rangi ya maziwa. Paa lake lilikuwa la kuficha, lile ambalo bati halionekani ukiwa nje. Madirisha yake yalikuwa madogo, ya vioo vya kusukuma. Ilitazama barabara, ili kila mpita njia aione. Bwanali alitaka mama yake apumzike. Tena, tusifichane, alitaka pia watu waione kazi yake wamwite akawajengee.

Nyuma yake, hatua thelathini tu, ilisimama nyumba ya zamani ya udongo na nyasi. Ukuta wake wa nyuma ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Mchwa walikuwa wamekwisha kula nguzo.

"Hii haivuki mvua za mwaka huu," Bwanali alimwambia mkewe Shamila.

Alitaka kuibomoa tangu mwezi wa nane. Mama akamwomba asubiri kidogo, kwa sababu alihifadhi humo makopa yake, mihogo aliyoikausha. Bwanali akakubali.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Asubuhi moja Bwanali alipiga hodi mapema kuliko siku zote kwenye nyumba mpya na uji wake mkononi. Kimya. Akasukuma mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka halina hata kunjo moja. Akazunguka nyuma akiita, "Mama! Mama!"

"Niko huku. Kelele za nini asubuhi yote hii?"

Bi Fatu alitoka kwenye nyumba ya udongo, mkeka kwapani. Alikuwa bibi mwembamba aliyekula chumvi nyingi, na kwa kawaida hakosi la kusema. Siku hiyo alilikosa.

"Shikamoo, mama. Umelala humo?"

"Marahaba, mwanangu. Nilikuja kuangalia makopa."

"Na mkeka?"

"Makopa ni mengi. Nikachoka."

"Mama, umelala humo siku ngapi?"

Bi Fatu alitazama vidole vyake vya miguu. "Kule nililala siku mbili za mwanzo," alisema polepole.

Bwanali alihesabu kichwani. Miezi mitatu! Mchana mama huyu huketi mlangoni pa nyumba mpya na kumwaga sifa. "Hii kaijenga Bwanali wangu. Hebu tazama ukuta ulivyonyooka!" Jua likizama, hubeba mkeka wake na kwenda kulala chini ya ukuta wenye ufa.

"Kwa nini, mama?"

"Hakuna kitu. Nimezoea tu. Nipe uji wangu."

Bwanali alirudi kwake amenuna. Alimsimulia Shamila, akitegemea kuonewa huruma.

"Wewe uliwahi kukaa ndani ya ile nyumba alasiri?" Shamila aliuliza.

"Nimeijenga mimi!"

"Kujenga umejenga, Baba Khalidi. Mimi nimeuliza kukaa."

Shamila akamkumbusha kuwa Yasinta, fundi sanifu wa majengo, alikuwa kijijini wiki hiyo akikagua madarasa mapya. "Tumwite aitazame," alisema. Bwanali alisitasita. Fundi mzima kukaguliwa kazi yake na binti mdogo! Lakini mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa bonde, na mama yake alikuwa bado analala kwenye nyumba mbovu. Akakubali.

Yasinta alifika saa tisa alasiri. Alimwamkia Bi Fatu, kisha akamwomba Bwanali waketi wote ndani, mlango umefungwa kama wakati wa kulala. Bi Fatu alibaki nje. "Ketini tu," alisema. "Nyumba nzuri sana hiyo."

Hazikupita dakika kumi, shati la Bwanali lilikuwa limelowa. Yasinta aliweka kiganja ukutani.

"Weka na wewe, fundi."

Bwanali aliweka, akauondoa mkono haraka. Ukuta ulikuwa wa moto kama chungu kilichotoka mekoni.

"Umeitazamisha nyumba barabarani," Yasinta alisema, "na barabara iko magharibi. Jua la alasiri yote linaupiga ukuta huu. Usiku ukuta unautoa moto wake humu ndani. Paa halina upenu wa kuweka kivuli. Dari hakuna. Madirisha yote yako upande mmoja, kwa hiyo upepo ukiingia hauna pa kutokea. Mama analala ndani ya tanuru."

Walitoka nje, wakaenda mbele ya nyumba ya zamani. Yasinta hakuthubutu kuingia. Alisimama mlangoni tu, akanyoosha mkono ndani.

"Ona, kuna ubaridi. Bibi, nani alijenga hii?"

"Marehemu baba yake na mimi," alisema Bi Fatu. "Yeye alisimamisha nguzo na kuezeka. Mimi nilikandika."

"Mlijenga kwa akili. Pande ndefu zinatazama kaskazini na kusini, ule ukuta mfupi ndio unaolipokea jua la jioni. Upenu umeshuka. Kati ya ukuta na paa mliacha nafasi, joto linapandia pale na kutoka."

"Lakini inaanguka!" Bwanali alisema, sauti imempanda.

"Inaanguka, ndiyo. Haina msingi, na nguzo zimeliwa. Yako ina msingi na lenta, mkanda wa zege unaofunga kuta, haitaanguka. Kila nyumba ina kitu ambacho mwenzake hana, fundi."

Bwanali akamgeukia mama yake. "Mama, kwa nini hukuniambia kuna joto namna hii?"

Bi Fatu alivuta kanga yake mabegani.

"Ningekwambiaje? Siku ile ya kuhamia ulinishika mkono ukanionyesha kila swichi ya taa. Ulikuwa unacheka kama ulipokuwa mtoto. Nikasema moyoni, acha, joto si kitu. Kumbe joto ni kitu."

"Ukaona heri ukuta ukuangukie kuliko kuniambia kazi yangu ni mbaya?"

"Si mbaya, mwanangu. Ni ya moto."

Shamila alicheka, na Yasinta akacheka. Bwanali alitaka kucheka lakini machozi yalimlenga. Alimpenda mama yake sana siku hiyo, na alijionea haya vilevile. Alikwenda mwenyewe kutoa magunia ya makopa kwenye nyumba ya zamani. Jioni ile ile Bi Fatu akahamia kwa Shamila, kwa masharti kwamba nyumba yake itengenezwe upesi.

Kazi ilianza kesho yake. Yasinta alichora, Bwanali akafuata. Alitoboa ukuta wa mashariki na kuweka madirisha mapana yanayoelekeana na yale ya mbele. Juu, karibu na bati, alifungua matundu ya hewa na kuyawekea nyavu za mbu. Alifunga dari. Upande wa barabarani alijenga baraza pana yenye paa lake, ili jua lisiufikie ukuta.

Watu walisimama kumtania. "Fundi, umeharibu staili! Nyumba ya kisasa unaivalisha kofia?"

"Ingieni saa tisa, kisha mniambie," Bwanali aliwajibu.

Siku nyingine Yasinta alimwuliza, "Paa hili linamwaga maji yote nyuma. Yanakwenda wapi?"

"Chini tu."

"Na mkeo anafuata maji wapi?"

Shamila aliamka kila siku alfajiri kwenda kupanga foleni ya ndoo. Bwanali alifunga gata, mfereji wa kukinga maji, nyuma ya paa, na chini yake akaweka simtanki, tangi kubwa la plastiki, juu ya kitako imara cha zege. Yasinta alimwelekeza aweke bomba la kumwagia pembeni mvua ya kwanza, kwa sababu hiyo huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata ndiyo yaingie tangini. Tangi liwe na mfuniko, na maji ya kunywa yachemshwe.

Mwalimu Dunstan, aliyekuwa anataka kujenga hapo kijijini, alikuja kuangalia. Aliketi ndani alasiri nzima, akaondoka amebadili ramani yake. Tena Yasinta aliwaonyesha kwamba si lazima kukata miti na kuchoma tanuru la tofali. Walichanganya udongo mwekundu wa palepale na saruji kidogo, baada ya kuupima kwanza kama unafaa. Wakaukandamiza kwa mashine ya mkono, yakatoka matofali yanayoshikana yenyewe kwa yenyewe. Waliyaweka kivulini na kuyamwagilia maji, wakayafunika, wakangoja wiki mbili. Bwanali aliligonga moja kwa nyundo. Likalia kama chuma.

"Na hatujakata hata mkorosho mmoja," alisema kwa furaha.

Bi Fatu alirudi kwenye nyumba yake siku ya Jumatatu. Ile ya zamani Bwanali alipanga kuibomoa Jumamosi, akimaliza msingi wa Mwalimu Dunstan.

Mvua haikungoja Jumamosi. Alhamisi mchana mbingu zilifunguka. Bwanali na Dunstan walijibanza chini ya turubai penye ule msingi. Ndipo ukasikika mshindo mzito kutoka upande wa kwa Bi Fatu.

Bwanali alitupa mwiko na kukimbia. Alikimbia akiteleza kwenye tope, hana kofia, hana viatu. Mazoea ni mabaya. Je, kama mama alirudi humo kujipumzisha?

Nyumba ya zamani haikuwapo. Palikuwa na chungu ya udongo uliolowa na nyasi, na nguzo moja imechomoza. Alifukua kwa mikono pale penye mlango. Hapakuwa na mkeka wala kanga. Akageuka, akakimbilia nyumba mpya, akasukuma mlango.

Humo ndani hewa ilikuwa ya baridi nzuri yenye harufu ya mvua. Dirisha moja lilikuwa wazi. Bi Fatu alikuwa amelala kitandani ubavu mmoja, kiganja chini ya shavu, anakoroma. Nyumba nzima ilianguka hatua thelathini kutoka kichwani pake, naye hakusikia.

Bwanali alirudisha mlango taratibu. Aliketi barazani na tope lake, akasikiliza maji yakiingia tangini, akamngoja mama yake aamke.