Kamba Aliyoivuta Wytske

Foleni ya chipsi katika ukumbi wa mji wa Zwolle haikuwa foleni, ilikuwa vita. Ndani trekta za mashindano ya kuvuta mzigo zilinguruma mpaka vikombe vikacheza mezani, na kila injini ilipozimwa watu walimiminika kwenye vibanda vya chakula. Twan Snoeren, kijana wa jimbo la Brabant, kusini, mwenye mabega mapana na ovaroli nyekundu, alikuwa akipita katikati ya umati ameinua sahani yake juu kama mhudumu wa hoteli kubwa. Akajiona hodari. Kiwiko cha mtu kikampiga ubavuni, na mayonezi yote yakatua kwenye koti la manjano la dada aliyekuwa mbele yake.

Dada akageuka. Alikuwa mrefu, nywele za rangi ya majani makavu amezisuka mkia mmoja, masikio mekundu kwa baridi ya Januari.

"Koti hili nimelinunua jana," alisema.

"Lo, dada, samahani sana. Ngoja nikufute."

"Usiliguse! Hufuti wewe, unapaka." Akamzungusha kwa bega, akasoma maandishi mgongoni mwake. "Tante Door. Kumbe ndiwe mwenye lile dude la injini mbili za ndege?"

"Ndimi. Nimelipa jina la shangazi yangu. Naye akifungua mdomo, kijiji kizima kinaziba masikio."

Dada akacheka bila kutaka, na Twan akajua siku hiyo hata akishindwa hatakuwa ameshindwa.

Aliitwa Wytske Hoekema, Mfrisi wa mji wa Leeuwarden, kaskazini. Siku za kazi alikuwa mwangalizi wa daraja la mfereji katikati ya mji, akiliinua boti zipite, na wikendi alifuata mashindano pamoja na kaka yake Sjoerd, ambaye naye alikuwa na mashine yake.

"Kwa hiyo kazi yako ni kuzuia watu wasipite," Twan alimtania.

"Na wenye mayonezi ndio nawazuia kabisa."

"Koti nitakulipa jipya. La manjano vilevile."

"Tutaona. Ahadi za watu wa Brabant ni tamu kuliko maandazi yao."

Walipoachana, Twan alisema "houdoe," kama wanavyoagana kwao, yaani jitunze. Wytske akajibu "oant moarn," kama wanavyoagana kwao, yaani mpaka kesho.

"Kesho? Kesho mimi niko kwetu Brabant."

"Sisi tunasema hivyo hata kama hatutaonana mwaka mzima. Ni adabu tu, usijipe matumaini."

Lakini kesho yake akampigia. Na kesho kutwa. Ikawa ndiyo desturi yao: yeye darajani anasubiri boti, Twan chini ya Tante Door, simu ameibana kwa bega.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Niko chini ya shangazi."

"Mwambie aniachie mume wangu, ana mafuta mengi huyo mama."

"Mume? Nimeshakuposa mimi?"

"Nakusubiri, goigoi wewe. Haya, boti inapiga honi. Oant moarn."

"Houdoe, mpenzi."

Masika yalipofika Wytske alipewa kazi kwenye gari la mzigo, lile gari zito la chuma ambalo kila trekta hulivuta, na kadiri linavyoburutwa ndivyo uzito unavyosogea mbele hadi trekta ishindwe. Kutoka kwenye gari hilo kamba hufungwa kwenye swichi iliyo nyuma ya trekta. Mtu wa gari akiona hatari anaivuta, na injini inazimika hapohapo, mafuta yanafungwa, mambo yamekwisha. Mwenye kamba haulizwi. Alipewa Wytske kwa kuwa alikuwa na macho makali na hakuwa mtu wa kubabaika.

Agosti, kijijini kwa akina Twan, jua lilikuwa kali na bia zilikuwa baridi. Mama yake, Mama Riet, alivaa gauni lake la maua la harusini akakaa mstari wa mbele. Fainali ilibaki kwa wawili. Sjoerd alikuwa amekwisha kuvuta, akaishia hatua chache kabla ya mwisho wa uwanja. Twan mfukoni mwa ovaroli alikuwa na pete. Alikuwa amepanga kufika mwisho, kuvua kofia, kupanda kwenye gari la mzigo na kupiga goti mbele ya watu wote.

Tante Door aliondoka kwa mngurumo uliotikisa matumbo. Injini zile mbili, zilizowahi kuruka vitani kabla baba yake Twan hajazaliwa, ziliimba sauti moja. Udongo uliruka. Twan akapita nusu, akaikaribia alama ya Sjoerd, akaona bendera za mwisho.

Kisha kimya. Injini zilizimika zote mbili, na trekta ikasimama kabla ya alama ya Sjoerd.

Twan aligeuka akamwona Wytske amesimama juu ya gari, kamba mkononi, uso mweupe.

"Moto!" alipiga kelele. "Toka, Twan! Moto katikati ya injini!"

Watu wa mitungi ya kuzimia moto walikuja mbio, wakachungulia, hawakuona kitu. Hakuna moshi, hakuna mwali. Ila Tante Door alikuwa akinywa methanoli badala ya dizeli, na moto wa methanoli mchana wa jua hauna rangi. Mtu huuona kwa jinsi hewa inavyocheza juu yake tu. Twan alilijua hilo kuliko wote uwanjani. Na miguuni alikuwa amehisi joto. Alijiambia ni hasira.

"Moto uko wapi?" aliuliza, na sauti yake ikafika mpaka kwenye vibanda vya bia. "Nionyeshe!"

"Hewa ilikuwa inatetemeka, mpenzi, niliiona—"

"Usiniite mpenzi. Ulichoona ni kaka yako anashindwa. Damu nzito kuliko maji, eh? Mfrisi ni Mfrisi tu!"

Watu wa kijiji walipiga miluzi. Wytske aliishusha kamba taratibu, akaikunja vizuri kama inavyotakiwa, akamkabidhi mwenyekiti wa kamati ya mashindano. Wiki iliyofuata kamati ikamwandikia kwamba kamba hiyo hataishika tena. Twan ndiye aliyekuwa ametoa ushahidi kwamba hakukuwa na moto.

Jioni ya fainali Wytske alikuwa amepiga simu, Twan akaiangalia ikilia. Wytske hakupiga tena.

Majira ya baridi Twan alimfungua Tante Door kama kila mwaka. Alipoitoa injini ya kushoto akaona. Nyaya za upande wa ndani zilikuwa zimeyeyuka. Na bomba la mpira la mafuta, lile linalopita nyuma ya kiti chake, liliungua hadi likabaki jembamba kama ganda la kitunguu. Alikaa chini sakafuni na bomba lile mkononi. Pumzi chache zaidi na lingepasuka, na mama yake angekaa na gauni lake la maua akimtazama anaungua.

Alipaswa kuinua simu saa ileile. Moyo wake ulimwambia hivyo. Lakini alikuwa amesema maneno yale mbele ya kijiji kizima, na kuyameza mbele ya kijiji kizima ni kazi nyingine. Akasema atamwambia Krismasi ikipita. Krismasi ikapita, akasema msimu uanze kwanza. Msimu ukaanza, akasema uishe, asije akawavunja moyo wenzake. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Twan liliuma kimyakimya msimu mzima na baridi nyingine juu yake. Bomba lilikaa kwenye droo ya vijiko vya zamani.

Mama Riet ndiye aliyelikuta, akitafuta kifungua chupa.

"Hiki ni nini?"

Twan akamweleza. Mama yake akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Na yule msichana anajua?"

"Hajui, mama."

"Umeniacha nimchukie mtoto wa watu aliyekuokoa?" Alimpiga na bomba lilelile begani. "Nilidhani nimezaa mwanamume, kumbe nimezaa trekta. Nenda!"

Akaenda. Njiani alisimama Zwolle akanunua koti la manjano. Alifika Leeuwarden asubuhi yenye mawingu, viatu vimepigwa rangi, pete ileile mfukoni, bomba mfuko wa pili, na maneno ameyakariri tangu Brabant. Daraja lilikuwa limeinuliwa, taa nyekundu zinamwekamweka. Hata hapa ananizuia, aliwaza, na akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kwenye kibanda cha daraja hakuwako Wytske. Alikuwako mzee mmoja mwenye sharubu, Mzee Gerlof, na mezani sahani ya biskuti kavu za mviringo zilizopakwa siagi na kunyunyiziwa vipanya, zile chembe za sukari za waridi zinazoliwa mtoto wa kike akizaliwa.

"Karibu, kijana, chukua! Hapa haondoki mtu bila kula."

"Hongera, Mzee. Mjukuu?"

"Mjukuu nimtoe wapi, na mke sikuoa? Ni wa Wytske wetu! Juzi tu. Mumewe Wiebren, yule fundi wa boti, amezileta leo asubuhi, anacheka peke yake kama kichaa. Wewe ni ndugu yake?"

Majuto ni mjukuu, na asubuhi ile Twan alimtafuna kwa siagi na vipanya.

"Ni rafiki wa zamani," alisema mwishowe. "Naitwa Twan."

Mzee akaacha kucheka. Jina alilijua. Alimtazama, akatazama koti la manjano, kisha akachukua simu ya mezani, akazungumza kidogo kwa Kifrisi na kumpa.

"Twan?" Sauti ilikuwa ileile, imechoka kidogo. Nyuma yake kichanga kililia.

"Wytske. Hongera." Maneno aliyoyakariri yote yalitoroka. "Kulikuwa na moto. Nimeuona. Bomba la nyuma ya kiti limeungua."

"Najua kulikuwa na moto. Niliuona mimi."

"Nimekuja kukuomba msamaha. Nilikukosea. Nilikuwa na pete siku ile, Wytske."

Kichanga kikanyamaza, labda kimepata titi.

"Umelijua lini hilo bomba?"

Angeweza kudanganya. "Baridi ile ile ya kwanza."

"Baridi ile nilikuwa bado nakungoja," alisema. "Kila simu ikilia darajani nilijua ni wewe. Mjinga mimi. Umewaambia kamati?"

"Bado. Nilitaka kukuambia wewe kwanza."

"Mimi nilikuwa najua, Twan! Wasiojua ni wao. Nina binti sasa. Siku moja atauliza kwa nini mama yake alinyang'anywa kamba."

"Jumapili nitasema. Mbele ya wote."

"Sema."

"Nimekuletea koti."

Akacheka kidogo, kicheko kile cha Zwolle, kikaisha. "Mwachie Mzee Gerlof. Yeye ana baridi humo ndani."

Twan hakutaka simu ikatike. Akasema neno la Wytske la kuagana, alilolikataa siku zote kwa kujifanya ulimi wake hauliwezi: "Oant moarn, Wytske."

Alingoja.

"Houdoe, Twan," alisema Wytske, na akakata.

Jumapili, siku ya kufungua msimu, Twan alipanda jukwaani kijijini kwao na bomba mkononi. Alisema yote kwenye kipaza sauti: moto, joto la miguuni, droo, ushahidi wake wa uongo. Wengine walizomea, wengine walitazama viatu vyao. Mwenyekiti wa kamati alishika kichwa. Mama Riet, ndani ya gauni lake la maua, alilia waziwazi. Alipomaliza, akawaaga watu.

"Oant moarn," alisema.

Uwanja mzima ukacheka, wakidhani anawatania Wafrisi.