Pikipiki Iliyouzwa Kama Ng'ombe

Kabla hakujapambazuka, Limi aliamshwa na mlio wa kibuyu cha maziwa. Mama yake, Mbuke, alikuwa akikitikisa taratibu ili siagi ijitenge. Limi akawasha moto, akafagia uwanja, kisha akaanza kujiandaa kwenda shule ya misheni, Kolandoto.

Mara askari wa bomani akaingia uwanjani, vumbi limemfika magotini.

"Mwangaluka," akasalimu. "Namtafuta Jilala, mwenye pikipiki."

"Jilala ni mimi," akajibu baba yake Limi. "Lakini pikipiki sina. Niliiuza."

Ilikuwa kweli. Jilala aliinunua baada ya mavuno ya pamba, lakini ilimwangusha mara nyingi kuliko ilivyombeba. Basi akamwuzia Theonest, mchimba dhahabu wa Geita, kwa desturi ya kuuza ng'ombe: majirani waliitwa, wakashuhudia, wakanywa togwa. Jilala akaipiga kofi la mgongo ili iende salama. Limi alipouliza kama jina halibadilishwi bomani, baba yake alicheka sana.

"Umewahi kuona ng'ombe akipelekwa kwa karani?"

Leo hakucheka. Askari alieleza kwamba jana pikipiki hiyo ilishindwa kusimama mteremkoni, ikapita katikati ya kamba za nguo za hospitali ya Kolandoto, ikaenda zake imevaa shuka jeupe kama bibi harusi. Dereva hakuna aliyemjua. Watu walisoma namba tu, na bomani namba ile ilikuwa ya Jilala.

"Usipoeleza vizuri, utalala ndani," askari akasema.

Mbuke alimpa askari kiti na maziwa, maana alionekana amechoka. Alipokuwa akinywa, Jilala akamnong'oneza binti yake, "Nitasema iliibwa. Ukiulizwa, nawe sema hivyo hivyo."

Limi akatazama chini. "Baba, Theonest atafungwa kama mwizi. Na mimi niliona ukimwuzia."

Jilala akachukua fimbo yake. "Basi twende wote, mwanangu. Mimi nikimwona karani, ulimi hukauka."

Walipofika Kolandoto, njiani kwenda bomani, walimkuta Theonest nyuma ya hospitali akianika nguo, huku Mama Justa, mfuaji, akimsimamia kwa macho makali. Theonest alikuwa amerudi mwenyewe na shuka, limefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Shikamoo, Mzee Jilala," akasema kwa aibu. "Sikujua watakufuata wewe. Breki zilinikataa."

"Marahaba. Hata mimi zilinikataa," akajibu Jilala. "Nilidhani zinanichukia mimi peke yangu."

Mama Justa aligeuka upande kuficha kicheko.

Askari akawapeleka bomani, Shinyanga. Limi alieleza yote bila kuficha. Karani akafuta jina la Jilala, akaandika la Theonest, na wote wawili wakaweka dole gumba. Theonest akaamriwa asiiendeshe pikipiki mpaka breki zitengenezwe, na amsaidie Mama Justa wiki nzima.

"Mzee," karani akasema kwa upole, "ukiuza ng'ombe, kijiji kizima kinamjua mwenyewe mpya. Pikipiki inafika kwa watu wasiokujua, na wao wanaona namba tu. Siku ya kuiuza, muuzaji na mnunuzi waje hapa pamoja. Na mshukuru binti yako. Ukweli wake umewaokoa watu wawili."

Wakati wa kurudi walipitia hospitali. Mama Justa alimpa Limi kiazi cha kuchoma, akamgeukia Theonest.

"Wiki yako ikiisha, usitusahau. Njoo tena utusalimu," akasema. "Ila uje kwa miguu."