Mzunguko wa Odile

Miaka ile nchi yetu iliitwa Zaire, na kila shule ya Kalemie ilikuwa na kundi lake la animasyo, yaani wanafunzi waliochaguliwa kuimba na kucheza ngoma siku za sherehe. Odile alikuwa darasa la sita. Kila alasiri alirudi nyumbani, akala bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo, akamsaidia mama yake kugeuza ndakala, samaki wadogo wa ziwani, waliokuwa wakikauka uani, kisha akakimbia tena shuleni kwa mazoezi. Hakuna aliyehitaji kumhimiza. Alicheza mstari wa mbele, katikati, na wapita njia walisimama kumtazama.

Nyuma yake alicheza Viviane, msichana aliyehamia kutoka Pepa, kule kwenye milima ya ng'ombe. Viviane alikuwa mzito kidogo wa kushika hatua mpya, lakini akishaishika haikumtoka tena. Mwalimu Kisimba, aliyewafundisha ngoma, alimweka pale makusudi.

"Ukipotea, angalia miguu ya Odile," alimwambia.

Siku ya raundi ya kwanza ya mashindano ya shule za mji, uwanja ulijaa wazazi. Mwanzoni wote walikwenda pamoja vizuri. Kisha Odile akamwona mwamuzi mmoja, mama mwenye miwani, akimtazama yeye na kutabasamu. Moyo ukamjaa. Pale ambapo kundi lilipaswa kurudi nyuma, yeye alizunguka peke yake, mikono juu, mzunguko aliojitungia nyumbani mbele ya kioo. Viviane, aliyekuwa akifuata miguu yake, akajaribu kuzunguka pia. Akagongana na Bibiane aliyekuwa kando yake, akaanguka kifudifudi. Watu wakacheka. Mstari mzima ukavurugika, na ngoma ikaendelea kulia bila wachezaji kujua waanzie wapi.

Shule yao iliingia fainali kwa taabu, ikiwa ya mwisho kati ya zilizochaguliwa. Mwalimu Kisimba, ambaye kutoka kwa wapiga ngoma alikuwa ameona anguko tu, aliwakusanya nyuma ya darasa. Hakuwa na kawaida ya kugomba, lakini siku hiyo sauti yake ilikuwa kali.

"Viviane, umetuangusha. Pumzika kwanza. Fainali tutacheza bila wewe."

"Ndiyo, Mwalimu," Viviane aliitikia, vumbi likiwa bado shavuni.

Bibiane alimnunia. Odile alifungua mdomo, akaufunga. Alijiambia kwamba atasema kweli kesho. Kesho yake alijiambia vivyo hivyo.

Mazoezi yaliendelea, na nafasi ya nyuma yake ikabaki tupu. Watu walipomsifu barabarani, Odile aliinamisha macho na kuongeza mwendo.

Jumamosi mama yake alimtuma apeleke ndakala kwa Mama Emilie, mama yake Viviane. Alitamani kukataa, lakini angetoa sababu gani? Alipofika alisikia miguu ikikanyaga nyuma ya nyumba. Viviane alikuwa peke yake uani, akihesabu kwa sauti ndogo. Aliinua mikono, akazunguka vibaya, akasimama, akaanza upya.

Alipomwona Odile hakukasirika. Uso wake ulichangamka.

"Afazali umekuja," alisema. "Huu muzunguko Mwalimu aliufundisha lini? Ni siku ile nilikuwa na homa? Sikupenda kumuuliza, asizani natafuta sababu. Nionyeshe, tafazali. Labda mwaka kesho atanirudisha."

Odile alitazama chini. Kisigino cha Viviane kilikuwa kimechubuka. Kama Viviane angemtukana, ingekuwa nafuu.

"Mwalimu hakuufundisha," alisema.

"Nani sasa?"

"Mimi. Niliutunga mwenyewe. Nilitaka waamuzi wanione. Wewe hukukosea, ulinifuata vile ulivyoambiwa."

Viviane alikaa kwenye kibao, akashika kisigino chake.

"Watoto wa mtaa wananicheka kila nikipita," alisema. "Na wewe ulikuwa unajua."

Odile aliweka ndakala mlangoni, akarudi nyumbani akilia njia nzima.

Jumatatu, kabla ngoma haijapigwa, alisimama mbele ya kundi na kusema yote. Alipomaliza, hakuna aliyemwangalia isipokuwa Bibiane.

"Umetuacha tumununie mwenzetu bure," Bibiane alisema.

Odile alitamani kukimbia, lakini alibaki amesimama. Mwalimu Kisimba alivua kofia yake.

"Hata mimi naona haya," alisema. "Nilimhukumu Viviane bila kumuuliza neno."

Alikwenda yeye mwenyewe kwa Mama Emilie kuomba msamaha, akarudi na Viviane. Kisha akapanga mistari upya. Bibiane alipelekwa mbele katikati. Odile alipelekwa mstari wa mwisho, kando ya Viviane.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu, kwa sababu Viviane hakumsemesha. Odile alikuwa amezoea kujifikiria yeye tu. Sasa ilibidi asikilize miguu ya wengine. Aligundua kwamba Viviane alivuta pumzi kila mara kabla ya kurudi nyuma, na kwamba yeye akiifuata pumzi ile hakukosea. Alasiri moja alipotea kabisa, akaguswa kiwiko.

"Kushoto," Viviane alinong'ona.

Lilikuwa neno la kwanza tangu siku ile.

Siku ya fainali walicheza kwenye uwanja wa mpira, upepo wa ziwa ukiwapiga usoni. Hakuna aliyeanguka na hakuna aliyecheka. Kombe lilikwenda shule nyingine. Wao walikuwa wa pili. Mama yake Odile aliwafuata kwenye benchi walipokuwa wakipumzika.

"Mwalimu, mutoto wangu mulimuficha wapi? Nimetafuta, sikumuona hata kidogo."

Odile, aliyekuwa amesimama kando ya benchi, aliinamisha kichwa. Aibu ilikuwa haijamtoka yote.

"Hata mimi sikumuona, Mama Odile," Mwalimu alijibu. "Wala sikumuona Bibiane, wala Viviane. Niliona kundi moja linacheza." Kisha akawageukia watoto. "Mukiwa na kipawa, mukumbuke kuna wenzenu wanaowafuata nyuma. Ukitaka kuonekana peke yako, utawaangusha. Na ukinyamaza mwenzako akibeba kosa lako, umemwangusha mara ya pili. Odile alifanya yote mawili, halafu akasimama mbele yetu akasema kweli. Mimi niliye mkubwa nimejifunza hapo."

Viviane akasogea kidogo kwenye benchi, akapapasa nafasi iliyobaki, na Odile akakaa.